Mashine na Tezi

Nilipostaafu niliunda mashua ndogo ya mbao ya kuvulia kambale hapa Ruaha Mbuyuni. Vijana wakanihimiza ninunue mashine ya nguvu za farasi 15. Kabla ya kutoa fedha nilipima vitunguu kilo 35, karibu uzito wa mashine ile, nikaviweka tezini, nami nikaketi kando yake. Tezi likazama, maji yakaingia. Katika mto wenye mamba na viboko, jaribio hilo lilinitosha.

Nikanunua ya farasi 2, yenye kilo kama 10. Naibeba begani mwenyewe, na petroli yake pensheni yangu inaimudu. Chuoni niliwafundisha walimu kumpima mtoto kwanza, kisha kumpa mzigo. Kumbe nusura nilisahau somo langu mwenyewe.