HEMA KANDO YA ZIWA KIVU

Katika nchi yetu ya Kivu neno «hema» halipendezi masikioni. Mtu akilisikia, moyo wake hauendi kwenye mapumziko, bali huona turubai lililochakaa, mvua inayopenya, madumu yaliyopangwa mstari kungoja maji, na mtoto anayekohoa usiku kucha.

Wala si ajabu. Mwezi wa Julai 1994 watu wapata milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda katika siku chache, wakapiga kambi Kibumba, Katale na Mugunga; kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Mwezi wa Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, ukawaacha watu zaidi ya laki moja bila nyumba. Mwezi wa Mei 2021 mlima ule ule ulitapika tena, na mamia ya maelfu wakashika njia ya Sake na Minova na godoro kichwani. Tangu mwaka 2022 vita viliwajaza watu wa Rutshuru na Masisi katika mahema ya Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, mpaka kambi hizo zilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2025.

Basi mzazi wa Kivu akiambiwa kwamba wako watu wanaotoa fedha yao wenyewe ili wakalale hemani ufukoni, hucheka, au hukasirika. Huuliza: «Je, watu hao hawana nyumba?» Swali hili ni la haki. Yafaa tulijibu kwa utaratibu, tukieleza kwanza jambo lenyewe lilivyo, kisha mahali pake, na hatari zake, na mwisho faida yake kwa jamaa ya Kikristo.

Uwanja wa kambi ni nini?

Uwanja wa kambi wa watu wote ni kiwanja kilichotengwa ili msafiri yeyote asimike hema lake kwa malipo madogo. Si hoteli. Mwenye uwanja hutoa ardhi iliyosawazishwa, choo, maji, mahali pa kuwasha moto, na mlinzi wa usiku. Mengine yote mgeni huja nayo: hema, mkeka, blanketi, sufuria, chumvi na unga. Upande wa Rwanda iko njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, iitwayo Congo-Nil, yenye urefu wa kilomita 227, kutoka Rubavu mpaka Rusizi. Wasafiri wake hupiga mahema hapa na pale kando ya ziwa. Upande wa Congo, Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliweka mahema ya wageni katika kisiwa cha Tchegera. Kisiwa hicho kimepindika kama mwezi mchanga, kwa kuwa ni ukingo wa mlima wa moto wa zamani uliozama majini. Mara nyingi vita vimefunga njia ya kwenda huko. Lakini kisiwa hakikuondoka.

Tena jambo hili si geni kwa vijana wetu. Mwezi wa Agosti 1907 Mwingereza Baden-Powell aliwachukua wavulana wapata 20 katika kisiwa cha Brownsea, wakalala hemani kwa siku chache. Ndipo ulipoanza uskauti. Nao Xaveri wetu, walioanzishwa Kivu mwaka 1952 na Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe, wamejifunza vilevile kupika, kuimba na kusali pamoja mbali na nyumba za mama zao. Neno letu leo ni hili: yale wanayoyafanya vijana, kwa nini jamaa nzima isiyafanye?

Ziwa lenyewe

Ziwa Kivu limekaa juu, wapata mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo usiku wake ni wa baridi, na mtu aliyezoea joto la Uvira au la Kalemie atajuta akija na shuka moja tu. Maji yake hutoka kusini kwa mto Ruzizi, hushuka mpaka Ziwa Tanganyika. Hakuna humo mamba, na hiyo ni neema kubwa kwa wapiga kambi. Lakini ni ziwa lenye kina cha kutisha, zaidi ya mita 480 mahali pa katikati. Na penye ufuko wa mawe chini hukatika ghafla. Mtoto akipiga hatua tatu maji yako magotini. Ya nne, hayupo.

Chini kabisa, maji ya ziwa hili yamebeba gesi nyingi mno: wapata kilomita za ujazo 300 za gesi kaboniki, na 60 za methani. Methani hiyo huvutwa karibu na Karongi tangu mwaka 2016 ili kutengeneza umeme. Gesi hiyo ya kilindini hulala chini ya uzito wa maji, nao wataalamu wanaichunguza. Si hiyo inayompasa mpiga kambi kuiogopa usiku wa leo. Iko nyingine, iliyo karibu na mto wake wa kulalia.

Usisimike hema bondeni

Wenyeji wa kaskazini mwa ziwa wana neno ambalo wataalamu wa dunia nzima wamelichukua katika vitabu vyao: mazuku. Wazee walisema kwamba ni upepo mbaya unaotembea usiku na kuua. Wengine walidhani ni mizimu. Wengine walimshtaki jirani kwa uchawi. Leo tunajua ni nini. Ni gesi kaboniki, ile ile itoayo mapovu katika chupa ya limonadi. Hutoka ardhini kwa nyufa za mawe ya lava, hasa kati ya Goma na Sake, pande za Himbi, Mugunga na Bulengo, karibu kabisa na ziwa.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kama mara moja na nusu. Kwa hiyo hutiririka kama maji yasiyoonekana, hujaa katika mashimo na mabonde madogo, hutulia humo. Mchana upepo huitawanya. Usiku, upepo ukilala, hupanda juu polepole, na alfajiri ndiyo saa yake ya hatari zaidi. Mtu mzima akisimama huenda kichwa chake kiko juu ya gesi. Mbuzi, mtoto, au mtu aliyelala mkekani wako ndani yake. Hakuna moshi, wala mtu hapati nafasi ya kupiga kelele. Mwenye kulala huendelea kulala.

Sasa fikiri: mgeni asiyejua, akitafuta mahali pa kusimika hema, hupenda nini? Hupenda kibonde kilichojificha, kisicho na upepo. Yaani huchagua mahali pale pale pa mauti! Basi katika pande hizo baba wa jamaa ashike amri hizi. Kwanza, awaulize wenyeji kabla ya kufungua mzigo, asione haya. Mzee wa kijiji anajua shimo ambalo mbuzi wake alifia. Pili, achague mahali palipoinuka, penye upepo. Tatu, akiona majani yaliyonyauka mahali pamoja, au wadudu na ndege waliokufa chini, aondoke mara moja pamoja na watu wake. Wala asishuke shimoni kumwokoa mnyama aliyeanguka, maana watu wamekufa wawili na watatu kwa namna hiyo, mmoja akimfuata mwenzake.

Na iko gesi nyingine ambayo tunajiletea sisi wenyewe. Baridi ikizidi, mama huingiza mbabula hemani na kufunga mlango, ili watoto wapate joto. Makaa yanayofuka katika mahali palipofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, nayo huua kwa ukimya kama mazuku. Mbabula ibaki nje. Joto la hemani ni blanketi, na watoto kulala pamoja.

Majira na radi

Wakati ufaao kupiga kambi ni kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti. Katika masika usijaribu, ila kwa uangalifu mkubwa. Wataalamu walipohesabu miali ya radi ya dunia yote kwa chombo cha angani, walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, hapo juu ya Bukavu, ni mahali pa kwanza katika Afrika nzima kwa wingi wa radi. Basi mtu akisikia ngurumo, asisimame chini ya mti ulio peke yake, wala asiwe ndani ya mtumbwi.

Ziwa nalo lina hasira za ghafla. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova, iliyojaa watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangoja ndugu zao. Watu wengi walikufa wakiiona nchi kavu. Mwenye kwenda kambini kwa maji na aihesabu jamaa yake, kisha aihesabu meli. Akiona imejaa, abaki. Kufika kesho si aibu.

Jioni na alfajiri

Haya yakiisha kupangwa, na hema likiwa limesimama juu ya kilima kidogo, kamba zikiwa zimekazwa, jioni huja na zawadi zake. Jua hushuka nyuma ya milima ya Congo. Ziwa hugeuka rangi ya shaba, kisha ya risasi. Baba, ambaye siku zote hurudi nyumbani watoto wamekwisha kulala, sasa amechuchumaa anapuliza moto. Hajui chumvi iko wapi. Binti yake anajua. Mama ameketi, jambo ambalo watoto hawalioni mara nyingi. Mvulana anatumwa kuteka maji, naye anagundua kwamba ndoo ni nzito, jambo ambalo dada zake walilijua siku zote. Bugali huliwa kutoka sahani moja. Rozari husaliwa bila redio ya jirani.

Giza likiingia, wavuvi hutoka. Mitumbwi yao hufungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, nyavu zikaning'inia kati yake, na taa zikawashwa ili kuwavuta sambaza. Wanapopiga makasia huimba, mmoja akianza na wengine wakiitikia, na sauti zao hufika ufukoni muda mrefu kabla ya kuonekana. Baadaye ziwa lote huwa na taa kama mji. Samaki hao wadogo hawakuwamo zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo hulisha nyumba nyingi za pande zote mbili za maji. Kaskazini, mlima ukiwa na moto, mawingu juu ya Nyiragongo huwa mekundu. Mtoto atauliza: «Je, utashuka?» Usimdanganye. Mwambie kwamba mlima huu umeshuka mara tatu katika miaka hamsini, yaani 1977, 2002 na 2021. Kwamba wako watu wanaoulinda mchana na usiku. Na kwamba sisi tuko mikononi mwa Mungu, tukiwa na miguu ya kukimbia.

Alfajiri wavuvi hurudi, nao wanawake wenye mabeseni huwangojea. Jamaa ikinunua sambaza na kuwakaanga juu ya makaa ya jana, watoto wataelewa vizuri kuliko darasani ile habari ya Petro na wenzake, waliovua usiku kucha bila kupata kitu, wakamkuta Bwana ufukoni amekwisha kuwasha moto na kuwaandalia chakula.

Kabla ya kuondoka, kiwanja kifagiliwe, moto uzimwe kwa maji, mifuko ya plastiki ichukuliwe kurudi mjini. Mwenye kuja nyuma yetu ni mgeni kama sisi.

Jibu la swali

Sasa turudi kwa mzazi aliyeuliza kama watu hao hawana nyumba. Katika Maandiko Matakatifu Mungu aliwaagiza Waisraeli kuadhimisha Sikukuu ya Vibanda. Walikuwa wamekwisha kupata nchi, nyumba za mawe na mashamba. Walakini kila mwaka, kwa siku saba, iliwapasa kutoka nyumbani na kukaa katika vibanda vya matawi, wakifurahi, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao walikaa katika vibanda walipotolewa Misri. Mungu hakuwaambia: Sahauni jangwa. Aliwaambia: Lirudieni kwa furaha, mkiwa huru, pamoja na watoto wenu.

Wako kwetu watoto ambao hema la kwanza walilolijua lilikuwa la kukimbia. Hatuwezi kuwafutia usiku ule. Lakini tunaweza kuwapa usiku mwingine, ambao wao wenyewe walichagua mahali, walikaza kamba kwa mikono yao, walikula wakashiba, na asubuhi walirudi kwao. Tena mtoto aliyelala hemani usiku mmoja kwa hiari yake, na kuonja baridi ya ardhi, hatapita tena mbele ya turubai la mkimbizi akigeuza uso. Atajua uzito wa maji yale, na ubaridi wa mkeka ule, naye atasimama kuuliza: «Mama, mmekula?»