Kengele ya Peramiho

Ukitoka mjini Songea ukaelekea magharibi, mwendo wa kilomita 24 hivi, utafika Peramiho. Njiani utapita mashamba ya mahindi. Kisha utaona kanisa kubwa la matofali, hospitali, na karakana za mafundi. Mgeni husema: Hapa ni mahali pa kazi. Ni kweli, lakini ngoja kwanza usikie kengele.

Misioni hii ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, na Padre Cassian Spiss ndiye aliyeianza. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, ilichomwa moto. Naye, akiwa amekwisha kuwa Askofu, aliuawa mwaka huo huo. Waliobaki walijenga upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. Watu wenye kuta za kujenga na wagonjwa wa kutunza hawakukosa udhuru wa kufunga vitabu. Lakini hawakuvifunga. Kwa nini?

Kanuni yao iliandikwa na Mtakatifu Benedikto huko Italia katika karne ya 6. Sura ya 48 inagawa siku: kazi za mikono zina saa zake, na kusoma mambo ya Mungu kuna saa zake. Wakati wa Kwaresima kila mmonaki hupewa kitabu akisome toka mwanzo hata mwisho. Benedikto hakungoja kazi ziishe, maana alijua haziishi. Kengele ya sala ikilia, jembe huwekwa chini.

Nasi vijijini twasema, "Nafasi sina." Mvua zikianza ni kulima, kisha palizi, kisha kufukuza nyani, kisha mavuno. Mwaka unapita, na Agano Jipya limo sandukuni, labda lashiba mchwa tu. Mtoto anakua akiona wazazi wana saa ya kila jambo ila saa ya Neno la Mungu. Siku akipatwa na msiba mbali na kwao, atakumbuka neno gani, ikiwa nyumbani hakulisikia?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya tarehe 18 Novemba 1965, uliwahimiza Wakristo wote, si mapadre na watawa peke yao, wasome Maandiko mara kwa mara. Na mwaka 2019 Papa Fransisko aliweka Dominika ya Neno la Mungu.

Basi, nyumbani hakuna kengele, lakini kuna chungu cha maharage. Kikiwa motoni jioni, watu wote wapo. Mtoto ajuaye kusoma na asome Injili ya Dominika ijayo, polepole. Bibi asiyejua kusoma asikilize, kisha aseme neno lililomgusa. Mfano wa mpanzi, nani ataueleza vizuri kuliko mkulima? Halafu salini kidogo, mle ugali.

Wazazi, chagueni saa yenu leo, kabla mvua hazijaanza.