Kinyangiri, mwisho wa reli iliyong'olewa

Likizo ya Juni mwaka huu hatukuipeleka Zanzibar wala Tanga, kama ilivyo desturi ya familia yetu. Tuliondoa viti vya nyuma vya Hiace, tukatandika magodoro mawili na mkeka, tukapakia mtungi mdogo wa gesi, madumu mawili ya maji, birika la udhu na kapu la vyakula, tukashika njia ya Singida. Tulikuwa saba: sisi ndugu watatu wa tumbo moja, wanaume wawili na dada yetu, pamoja na watoto wetu wanne. Uingereza kuna familia zinazozunguka mashamba na vijiji vyao kwa magari yaliyogeuzwa nyumba kamili, yenye jiko na vitanda. Letu halikufikia hadhi hiyo. Lakini usiku wanawake na watoto walilala ndani, wanaume tukalala chini ya turubai, na kila wakati wa swala ulipotukuta njiani tuliteremka tukaswali.

Kinyangiri ni kata katika Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Iramba. Ndiko alikozaliwa marehemu baba yetu. Mara ya mwisho tulifika huko kumi na tano iliyopita, tukalala usiku mmoja na kugeuza. Safari hii tulitaka watoto waione asili yao. Tukiri pia kwamba hatukwenda kwa mapumziko peke yake. Kulikuwa na mtu aliyetupigia simu akitaka kulinunua shamba aliloacha babu, nasi tulikuwa tumekwisha kukubaliana kuliuza.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, na watoto walituuliza kwa nini tusiipande. Tuliwaahidi kuwajibu tutakapofika Manyoni. Baada ya Dodoma barabara inapita mabonde ya mpunga ya Bahi, kisha inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na hewa inabadilika. Manyoni tulisimama, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, halafu tukawapeleka watoto kuitazama reli.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, wakati wa Wajerumani. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilichepusha tawi hapo Manyoni kuelekea kaskazini. Tawi hilo lilipita Singida, likaishia Kinyangiri. Naam, kijiji ambacho leo wengi hawawezi kukionyesha katika ramani kilikuwa kituo cha mwisho cha treni. Babu yetu alitoka Tabora akiwa kijana, akafika huko na reli hiyo akiwa kibarua wa kubeba mataruma. Lakini reli haikupata shehena iliyotarajiwa, na miaka ya 1940 ikang'olewa. Miongo mingi baadaye reli ilirudi kutoka Manyoni, ikaishia Singida mjini. Vyuma vilipoondoka Kinyangiri, babu hakuondoka. Alikuwa amekwisha kuoa Mnyiramba, amefyeka shamba, na pamoja na Waislamu wachache wenzake wamejenga msikiti wa udongo.

Singida mjini tulifika jioni. Mji huo una maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na mawe makubwa ya matale yaliyobebana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Tulilala karibu na Singidani. Usiku upepo ulivuma bila kukoma, na baridi yake iliwashangaza watoto waliozaliwa Temeke. Msomaji atakayesafiri mwezi kama huo achukue masweta na mablanketi mazito.

Asubuhi tulikata njia ya Nzega hadi Iguguno, tukaiacha barabara kuu na kushika ile ya kuelekea Nduguti. Ilikuwa baada ya mavuno. Mashamba ya alizeti yalibaki na mabua makavu, na kwenye kila uwanja wa nyumba vichwa vya alizeti vilikuwa vimeanikwa, wanawake na watoto wakivipiga kwa fimbo ili mbegu zitoke. Kwenye mashine za kukamulia mafuta magunia yalipangwa foleni, na pembeni mashudu yakingoja wenye mifugo. Ukizima gari, unasikia fimbo hizo, kengele za mbuzi, na upepo. Mtoto wetu mdogo, aliyezoea honi za bodaboda, aliuliza kama watu wamehama.

Shangazi yetu, dada pekee wa baba, alikuwa amekaa kizingitini. Umri wake unakaribia miaka themanini. Wanawe wako Kahama na Arusha, naye amebaki kulima. Alitushika mmoja mmoja usoni, kwa kuwa macho yake yamepungua nuru, akatutaja majina bila kukosea. Kisha akasema, "Wageni wangu mmefika."

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za raha tuliyoikosa kwa muda mrefu. Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda, na kuku wa kienyeji aliyekaangwa kwa mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa wiki ileile. Watoto walijifunza kupiga alizeti, wakatoka malengelenge viganjani na kujivunia. Majirani wa shangazi wengi ni Walutheri, dini iliyoota mizizi Iramba tangu wamisionari wa Kimarekani walipoingia miaka ya 1920. Hao ndio waliomletea kuni na kumchotea maji alipougua mwaka jana. Sisi habari za ugonjwa ule tulizipata ulipokwisha.

Jioni ya pili shangazi alitupeleka nyuma ya shamba kutuonyesha mahali tuta la reli lilipopita. Yeye mwenyewe hakuiwahi treni hiyo. Alionyeshwa mahali hapo na babu. Tulikaza macho, tukaona ardhi tambarare na mbuzi. "Baba alikuwa akisema," alituambia, "reli iling'olewa, lakini yeye hakupigiliwa kwa misumari ya Mzungu, kwa hiyo hakung'oka."

Usiku ule, baada ya Isha, tulitoa maneno tuliyokuja nayo. Tulimweleza kuhusu mnunuzi, bei yake, na kwamba tungemtengea shangazi kitu cha kumsaidia. Aliinamisha kichwa. "Ninyi ndio wenye shamba," alisema. "Mimi nimelitunza tu. Niachieni nyumba, nipate pa kufia."

Tuliona tumetenda wema. Aliyetuumbua ni binti wa mmoja wetu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa akijifanya amelala. "Kwani bibi si mtoto wa babu mkubwa?" aliuliza. "Madrasa tumefundishwa kuwa mtoto wa kike ana fungu lake."

Hakuna aliyejibu. Baba yetu alipofariki Dar es Salaam, tulimwita sheikh, tukagawana nyumba yake kwa mujibu wa sharia, na dada yetu akapata haki yake bila ya kuidai. Hatukuona uzito wowote. Lakini shamba la babu, aliyefariki akiacha mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, hatukuwahi kuliuliza. Mkewe alikuwa amemtangulia, wala hakuwa na mrithi mwingine. Hesabu yake haihitaji mwanachuoni: mafungu matatu, mawili ya baba, moja la shangazi, kama Sura ya An-Nisaa ilivyoweka. Baba hakulitenga. Nasi baada yake hatukulitenga. Kwa zaidi ya miaka arobaini mwanamke huyu amelima mali yake mwenyewe akidhani anafanyiwa ihsani, nasi tulitaka kumuuzia theluthi yake na kumpa sadaka kutokana na bei yake.

Asubuhi dada yetu ndiye aliyemweleza, kwa sababu sisi wanaume maneno yalitukwama. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Baba yenu atasomewa hesabu hii?" Tulimwambia tumekuja kumpunguzia. Alilia kidogo, akasema amekwisha kumsamehe kaka yake zamani, lakini haki yake ataichukua, kwa sababu ana wajukuu.

Tulimwita imamu wa msikiti, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili wanaoijua mipaka. Shamba lilipimwa kwa kamba. Tulimwambia achague yeye kwanza, nasi tulitaraji angechukua upande wa bondeni wenye udongo mzuri. Alichagua upande wa tuta la reli. Mwenyekiti alitueleza namna ya kuomba hati miliki ya kimila katika halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke sawa na mwanamume katika umiliki huo, na hati ikitoka kwa jina lake, hatakuja mtu baada yetu akamwambia kuwa ni mgeni. Kuhusu mafungu yetu mawili, mnunuzi tumemwambia asubiri. Bado tunashauriana.

Kazi hiyo ilihitaji siku zaidi ya tulizopanga. Tangu tufike, tulipokuwa msikitini tukimfuata imamu mwenyeji tulitimiza swala kama yeye. Tulipoiswali wenyewe nyumbani tuliipunguza, kwa kuwa tulinuia kukaa siku tatu tu. Shangazi alikuwa ametuuliza siku ya kwanza, "Mnaswali swala ya msafiri nyumbani kwenu?" Tulimjibu kwamba hukumu inaturuhusu, na ni kweli inaturuhusu. Hakuendelea.

Mchana ule, baada ya kamba kukunjwa, tuliwapigia wenzi wetu simu kuwaarifu kwamba tutakaa wiki nzima mbele. Wakati wa Alasiri ulipoingia tulitandika mkeka uwanjani, kando ya gari, wanaume mbele, dada yetu na watoto wa kike nyuma. Shangazi, aliyekwisha kuswali, alikuwa kizingitini akipukuchua alizeti. Rakaa ya pili ilipomalizika tukasimama kwa ya tatu, kisha ya nne. Tulipotoa salamu, mikono yake ilikuwa imetulia juu ya ungo. Alitutazama kitambo, akainuka polepole, akaingia ndani kubandika chai.