Timu ya Barafuni Iliyonirudisha Kwenye Uwanja Wetu wa Vumbi

Leo naomba mnivumilie, maana ubuyu wa mastaa haupo. Kuna ubuyu mwingine, wa zamani, na mhusika mmoja wa hapa kwetu simtaji. Mnanijua, nikisema simtaji mtu, hata mkija inbox na vocha simtaji.

Ilianza na ngumi. Kama wiki tatu hivi zimepita, nipo kwenye kibanda changu cha miamala, mvua inanyesha, mteja hata mmoja hakuna. Mshikaji akanitumia video ya wale Wazungu wanaocheza magongo kwenye barafu. Jamaa wawili wanatupa glavu chini, wanapigana makonde mpaka mmoja anadondoka, refa kasimama pembeni anawaangalia kama anasubiri daladala. Nikacheka sana. Nikatafuta nyingine. Mnajua simu zilivyo, ukiangalia kitu kimoja inakuletea ishirini. Baada ya ngumi ikaniletea kipande cha mnara pembeni ya barabara, theluji kila mahali, na umbo la lile jani lenye sehemu nne ambalo Wazungu wanaliona la bahati. Hakuna ngumi pale, hakuna kelele. Nikajiuliza hii nayo imefuata nini. Bando langu lote la usiku liliishia hapo.

Timu inaitwa Swift Current Broncos. Swift Current ni mji mdogo wa Kanada, jimbo la Saskatchewan, nchi tambarare ya mashamba ya ngano, wakazi wake kama elfu kumi na sita tu. Mbagala yetu peke yake inaumeza mji ule na nafasi inabaki. Lakini kule timu ndiyo mji na mji ndiyo timu. Ilianzishwa 1967, mwaka 1974 ikahamishiwa Lethbridge, watu wakakaa miaka kumi na mbili bila timu hiyo, mpaka 1986 wakaichukua tena wakairudisha nyumbani. Haina tajiri mmoja, ni mali ya wananchi wenyewe.

Sasa hapa nielezeni kwa taratibu, kwa sababu bila hiki stori yote haieleweki. Hawa ni vijana wa miaka 16 hadi 20, wanacheza ligi inaitwa Western Hockey League. Dogo akichaguliwa anaondoka kwao, pengine kilomita mamia, anaenda kuishi kwa familia ya pale mjini inayompa chumba na chakula kama mtoto wao. Anasoma shule ya pale. Mechi za ugenini ni basi, saa nyingi, usiku, kwenye baridi kali. Na ndoto ya kila mmoja ni kuitwa NHL, yaani ligi ya wakubwa yenye hela. Sasa nani mwenye ufunguo wa hiyo ndoto? Kocha. Kocha ndiye anaamua ucheze au ukae benchi, uuzwe timu nyingine au ubaki. Mama yako yuko mbali. Umeshaanza kuelewa? Mimi nilipofika hapo sikuwa nimeelewa bado.

Tarehe 30 Desemba 1986. Timu imetoka mapumziko ya Krismasi, inaelekea Regina kucheza mechi. Basi halijafika mbali na mji, likakutana na ile barafu nyembamba inayokaa juu ya lami usiione. Likateleza, likatoka barabarani, likaruka, likaangukia ubavu. Nyuma kabisa ya basi walikuwa wamekaa wanne wanacheza karata. Wote wanne wakafa. Trent Kresse miaka 20, Scott Kruger miaka 19, Chris Mantyka miaka 19, Brent Ruff miaka 16.

Miaka 16, wadau.

Ukiwa hujawahi kusafiri na timu unaweza usielewe nafasi ya nyuma ya basi. Sisi tulikuwa na Coaster ya kukodi, tukienda kucheza Mlandizi au Morogoro. Siti ya nyuma ndiyo ya watemi. Pale ndiyo karata, ndiyo nyimbo za matusi, ndiyo kumchamba kila aliyekaa mbele. Nilikuwa na miaka 14 nikapambana miezi mitatu kuipata ile siti. Nilivyosoma habari ya karata za wale wanne nilisimamisha simu, nikaiweka mezani kwanza.

Haya, tuendelee. Waliobaki walicheza. Baada ya siku chache tu walirudi uwanjani, na nembo ya lile jani kwenye jezi, kila sehemu na namba ya jezi ya mmoja wa waliokufa: 8, 9, 11, 22. Miaka miwili na nusu baadaye, Mei 1989, timu hiyohiyo ikachukua Memorial Cup, ambalo ndilo kombe kubwa kuliko yote kwa vijana Kanada nzima. Mechi za mtoano za ligi yao walishinda zote kumi na mbili, hawakufungwa hata moja. Fainali ikapigwa Saskatoon, dhidi ya Saskatoon Blades wenyeji, nyumbani kwao. Ikaenda dakika za nyongeza, Tim Tisdale akafunga, 4-3. Golini alikuwa Trevor Kruger, na kwenye ulinzi alikuwemo Darren Kruger. Hilo jina la Kruger mmeliona juu huko. Ni ndugu zake Scott.

Kama stori ingeishia hapo ingekuwa filamu nzuri ya Jumapili. Na kwa miaka kadhaa Kanada waliisimulia hivyohivyo: ajali, machozi, vijana wakashikana mikono, kombe. Kocha akawa shujaa. Gazeti moja kubwa la mchezo huo likamchagua mtu wa mwaka. Na sifa mojawapo aliyopewa, isomeni vizuri hii, ni kwamba baada ya ajali timu ilijifunga yenyewe ikajiuguza yenyewe. Wataalamu wa ushauri wa kuwasaidia watoto wale hawakuingizwa. Kocha hakutaka watu wa nje. Watoto walioona wenzao wanakufa waliambiwa kwa vitendo kwamba mambo ya timu yanabaki ndani ya timu.

Mwaka 1996 mmoja wa wachezaji wa kikosi kile, Sheldon Kennedy, aliyekuwemo kwenye lile basi na aliyebeba lile kombe, wakati huo tayari anacheza NHL, akaingia kituo cha polisi Calgary. Akasema kocha alimuingilia kingono kwa miaka mingi, tangu akiwa na miaka 14. Januari 1997 kocha akakiri mahakamani makosa 350, kwa wachezaji wawili. Mia tatu hamsini. Akapewa miaka mitatu na nusu.

Jina la kocha lipo, ukitaka utalipata ndani ya sekunde mbili. Mimi kwenye ukurasa wangu siliweki. Majina ya wale wanne nimeyaweka, linatosha.

Baada ya kifungo yule mtu alienda kufundisha tena hoki, Hispania safari hii. Mwaka 2007 akapata msamaha rasmi wa kufutiwa rekodi, kimyakimya, watu wakaja kujua 2010 na nchi nzima ikawaka. Halafu wakajitokeza wengine, akiwemo Theo Fleury ambaye ni staa mkubwa wa NHL, aliyepita mikononi mwake kwenye timu nyingine. Mwaka 2012 akahukumiwa miaka miwili, rufaa ikaipandisha mpaka mitano.

Ndiyo maana wale wachezaji waliobaki walikuja kusema baadaye kwamba wataalamu walizuiwa kwa sababu. Mtu wa nje akikaa na watoto chumba kimoja, akawauliza wanaendeleaje, mmoja angeweza kusema. Ukimya uleule uliosifiwa kwamba ndiyo umewapa kombe, ndiyo uliomficha kocha. Nimelizungusha hili kichwani siku nyingi na sioni namna ya kuvitenganisha.

Kennedy mwenyewe maisha yalimpiga, pombe, dawa za kulevya, hakuficha. Lakini 1998 alivaa viatu vya magurudumu akaivuka Kanada yote kutoka bahari mpaka bahari, akichangisha pesa kwa ajili ya watoto waliofanyiwa kama yeye. Na akiongea hadharani hawazungumzii sana wakosaji. Anawazungumzia watu wa pembeni. Wale waliohisi kitu wakapita.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala.

Kwa sababu na sisi tulikuwa na kocha. Simtaji, timu siitaji, msianze kukisia kwenye komenti, mkikisia nafuta. Alikuwa mtu wa watu. Akija mtaani wamama wanatoka nje kumsalimia, nauli ya mtoto anatoa, viatu vya mpira ananunua, ukiumwa anakuja na panadol na juisi. Mama yangu alikuwa anasema kocha huyu ametumwa na Mungu.

Kulikuwa na dogo nitamwita Winga, maana alicheza winga ya kulia na hakuna beki aliyemkamata. Kabla ya kila safari Winga alikuwa analala kwa kocha, "asichelewe gari". Sisi wengine tulikuwa tunachelewa gari na hatulali kwa kocha. Kwenye Coaster alikaa mbele kabisa, dirishani. Hakuja siti ya nyuma hata siku moja. Kwa hiyo siti ya nyuma tukamtungia jina. Tulimuita Mke Mdogo. Basi zima linacheka, kocha naye anageuka anatabasamu, Winga anaangalia nje.

Lile jina nililitunga mimi. Ndilo lililonipa ile siti.

Hatukuwa wajinga, wadau. Mtu hawezi kutunga jina kama lile bila kuwa amehisi kitu. Nilihisi, na badala ya kuuliza nikafanya utani, kwa sababu utani unakufanya mjanja na swali linakufanya msaliti. Akiwa na miaka 15 Winga aliacha mpira. Alisema goti. Nikaamini goti, au niseme nilichagua goti.

Sijui kilichotokea. Nasisitiza, sijui, na simtuhumu mtu. Inawezekana kweli alikuwa hataki achelewe gari.

Lakini wiki ileile ya kusoma habari za Swift Current nilikuwa napitia status za watu, nikamwona kocha. Kazeeka kidogo, tumbo limetoka. Pembeni yake watoto kama kumi na tano wamevaa bibsi mpya za kijani, hawafiki miaka 13. Na mkono wake uko begani kwa mmoja. Picha ya kawaida kabisa, watu wameweka makopa.

Nikatafuta namba ya Winga. Yuko Morogoro siku hizi, anaendesha bodaboda, ana mtoto wa kike. Tulikuwa hatujaongea miaka sita. Sikujua niandike nini, kwa hiyo sikuandika kuhusu kocha. Nilimsimulia kuhusu Swift Current, vilevile nilivyowasimulia nyie, basi, karata, kombe, kituo cha polisi. Mwisho nikaandika: "Lile jina nilikutungia mimi. Nisamehe."

Tiki mbili za bluu. Kimya siku tatu. Nilikuwa nafungua simu kila mteja akiondoka. Mteja mmoja nilimtumia elfu hamsini badala ya elfu tano, ikabidi nimfukuzie mpaka kituoni, akaniambia kijana una mawazo gani.

Siku ya nne, saa tano usiku, akajibu: "Yule mchezaji alienda polisi akiwa na miaka mingapi?"

Nikapiga hesabu. Kazaliwa 1969, akaenda 1996. Nikamjibu 27.

Ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Halafu: "Mimi 26."

Hii nimeiweka kwa ruhusa yake. Aliisoma kwanza, akaniambia nitoe kitu kimoja, nimekitoa. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, ni bure, nimeibandika pale kibandani juu ya kioo na watu wameanza kuniuliza ya nini. Jumapili hii kibanda kimefungwa, msinitafute. Napanda gari la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Morogoro.