Tuache Upindo

Mama mwenye akili akimshonesha mtoto nguo ya shule, humwambia fundi aache upindo mpana. Sisi twalijua jambo hilo tangu utoto, walakini tulilisahau siku tulipotengeneza kompyuta ya shule yetu.

Kompyuta ile hutunza majina ya wanafunzi na alama zao zote. Kwa kuogopa hasara tulitia diski mbili, tukaziunganisha kwa programu ya mdadm katika Linux, kwa namna iitwayo RAID 1: liandikwalo katika diski moja laandikwa na katika ya pili. Moja ikifa, nyingine yaendelea na kazi. Nasi kwa choyo tulizigawa mpaka sekta ya mwisho.

Baada ya miaka mitatu diski moja ikafa. Hatukuona hofu. Tukanunua mpya, nayo imeandikwa 1 TB kama ile ya zamani, ila ya kiwanda kingine. Programu ikaikataa: ni ndogo, haitoshi kuingia. Kumbe! 1 TB ni baiti 1,000,000,000,000, na kila kiwanda chaweza kuzidisha kidogo juu yake. Diski nyingi za kipimo hicho zina sekta 1,953,525,168 za baiti 512, lakini si zote. Yetu mpya ilipungua kidogo mno; walakini kwa mdadm kupungua ni kupungua.

Siku nne kazi yote ya shule ilisimama kwa mguu mmoja. Kwanza tulinakili kila kitu mahali pengine. Kisha tulipunguza mpango wa mafaili, na baadaye tu ile RAID yenyewe. Maana ukianza na RAID, wakata maandishi. Ndipo diski mpya ikapokelewa.

Basi ndugu, ukigawa diski za namna hii, acha mwishoni mwa kila moja megabaiti 100 hivi zisizo na kazi. Katika 1 TB, hiyo ni sehemu moja tu kati ya 10,000. Wala usidhani RAID ni nakala ya akiba: ukifuta kwa kosa, pande zote mbili zafutika. Kile kidogo tulichokionea choyo ndicho kilichotunyima usingizi. Akiba haiozi.