Mkono Haukuchelewa

Methali isemayo "Mchagua jembe si mkulima" nimeifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeiandika ubaoni, nimeitungia maswali ya mtihani, na nimewapa wanafunzi alama kwa kuieleza jinsi nilivyotaka mimi: kwamba mvivu hukilaumu chombo ili afiche udhaifu wake. Sikupata kuitilia shaka hata siku moja, mpaka nilipoitumia nyumbani kwangu dhidi ya mwanangu, nikamwumiza bure. Napenda kuwasimulia walimu wenzangu jambo hilo, ingawa halinipi sifa, kwa sababu naamini lina funzo kwa kazi yetu ya kila siku ya kusahihisha.

Mwanangu wa pili, kijana wa miaka kumi na saba, hupenda mchezo wa kompyuta uitwao osu!, uliobuniwa na Dean Herbert wa Australia na kutolewa mwaka 2007. Si mchezo wa vita wala wa kukimbiza magari. Ni mchezo wa mapigo ya muziki. Wimbo unapopigwa, maduara hutokea kwenye kioo, na kila duara huzungukwa na pete inayozidi kujikunja. Pete inapoligusa duara, hapo ndipo pigo la wimbo linapoanguka, na hapo ndipo mchezaji anapopaswa kubonyeza kitufe. Kompyuta hupima tofauti kati ya pigo na kidole kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Katika ngazi ya usahihi ya 5, anayekosea kwa takriban milisekunde 50, mbele au nyuma, bado hupata alama 300; akifika 100 hupata alama 100; akifika 150 hupata alama 50; akizidi hapo hapati kitu. Ukikumbuka kwamba wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hutoa pigo moja kila milisekunde 500, utaona kuwa mchezo huu humdai mtu sikio la mpiga ngoma.

Katika ukoo wetu jambo la sikio si dogo. Marehemu baba yangu alikuwa mpigaji wa amadinda, yale marimba ya Kiganda yenye mbao 12. Wapigaji wawili hukaa wakielekeana, na mapigo ya wa pili huangukia katikati ya mapigo ya wa kwanza, hata msikilizaji hudhani anausikia mkono mmoja unaokwenda kwa kasi isiyo ya kibinadamu. Wa pili akichelewa kidogo tu, humkanyaga mwenzake, na wimbo huvunjika. Mimi sikuurithi mkono huo. Kwa hiyo kijana alipoanza kunionyesha alama zake, nilimwona baba yangu ndani yake, na ingawa sikusema, nilijivuna.

Alipofaulu mtihani wake wa kidato cha nne, nilikwenda mjini Kampala nikamnunulia spika za masikioni zisizo na waya, zile zinazopokea sauti kwa Bluetooth. Zilichukua fedha ambazo mwalimu hazitoi kabla ya kuzihesabu mara mbili. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akashukuru. Tangu juma lile alama zake zikaanza kuporomoka. Nyimbo alizokuwa akizimaliza bila kukosa pigo zikawa zinamshinda katikati. Mara kwa mara nilimsikia akiguna peke yake chumbani.

Jioni moja nilisimama nyuma yake nikimtazama. Alikosa, akaanza upya, akakosa tena. Akasema kwa upole, "Baba, nadhani kuna kitu hakiko sawa katika sauti. Macho yananiambia hivi, masikio yananiambia vile." Hapo ndipo nilipomtupia methali yangu: mchagua jembe si mkulima. Na kana kwamba hiyo haikutosha, nikaongeza, "Babu yako angekuwa hai, angeona haya. Huna sikio." Hakunijibu. Alizima kompyuta, akaenda kulala bila kula.

Siku ya tatu mama yake aliniambia jambo lililonifanya nikose raha. Kijana alikuwa na spika zake za zamani, zenye waya, zilizofungwa kwa utepe mahali zilipokatika. Alizijaribu kwa siri usiku, na alama zake zikarudi. Lakini mchana, nilipokuwapo nyumbani, alivaa zile nilizomnunulia. "Hakutaka uone kuwa ameikataa zawadi yako," alisema mama yake.

Nilimwita, nikamwambia anionyeshe. Toleo jipya la mchezo huo, mwisho wa kila wimbo, huchora mapigo yote uliyopiga kama vijiti vilivyopangwa juu ya mstari: yaliyowahi kushoto, yaliyochelewa kulia, yaliyo sahihi katikati. Vijiti vya mwanangu vilikuwa karibu vyote upande wa kulia. Nilishangaa kwa kitu kimoja: havikutawanyika ovyo kama mahindi yaliyomwagika. Vilisimama pamoja, vimesongamana, mahali pasipo pake. Mtu asiye na sikio hapigi hivyo. Asiye na sikio huwahi mara hii, huchelewa mara ile. Huyu alichelewa kwa nidhamu.

Basi tukaamua kupima. Aliweka kibodi na spika moja ya sikio karibu na simu yangu, akaanza kurekodi. Kila alipobonyeza kitufe, mchezo ulitoa mlio mdogo wa kuitikia. Tuliifungua rekodi ile katika programu ya bure iitwayo Audacity, ambayo huonyesha sauti kama milima na mabonde. Mlima wa kwanza ulikuwa kishindo cha kitufe. Wa pili ulikuwa ule mlio. Tulipima umbali baina ya milima hiyo mara 20, tukazipanga hesabu zetu kutoka ndogo hadi kubwa, tukachukua iliyo katikati, kwa kuwa vipimo viwili vitatu vya ajabu vinaweza kuupotosha wastani. Kwa spika mpya tulipata milisekunde 214. Kwa zile za zamani tulipata 43. Hizo 43 ni za kitufe chenyewe, kompyuta na vinginevyo, vilivyokuwapo tangu zamani. Zilizoongezwa na zawadi yangu zilikuwa 171.

Sababu yake si uchawi. Sauti ipitayo katika waya hufika kama maji ya mfereji. Sauti isiyo na waya kwanza hubanwa, hufungwa katika vifurushi, hurushwa kwa redio, hupokelewa, huwekwa akiba kidogo ili isikatikekatike, ndipo hufunguliwa na kusikika. Anayesikiliza taarifa ya habari hatajua kitu, maana sauti yote huchelewa kwa kiasi kilekile. Lakini mwanangu aliona pete ikiligusa duara sasa, akasikia pigo la duara hilo milisekunde 171 baadaye. Akiyatii macho, sikio lilimwambia amewahi. Akilitii sikio, mchezo ulimwambia amechelewa. Alikuwa mtumishi wa mabwana wawili, nami nikamlaumu kwa kutomridhisha yeyote.

Mchezo huo unayo dawa yake: sehemu ya kuandika namba, ambayo husogeza wimbo dhidi ya picha ili viwili hivyo vikutane. Tuliiandika 171, na mambo yakazidi kuharibika. Tulikuwa tumesogeza upande usio wake, tukaliongeza kosa maradufu badala ya kulifuta. Tulipobadili alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa, vijiti vikahamia karibu na katikati. Kisha tukafanya kosa la pili: baada ya kila wimbo kijana aliirekebisha namba kidogo, huku kidogo, kule kidogo, akiifukuza kama kuku aliyetoroka. Nikamshauri apige nyimbo tano bila kuigusa, kisha achukue tokeo la katikati. Hapo tukagundua la tatu: wimbo mmoja ulikuwa na kosa lake wenyewe, kwa sababu maduara hupangwa na wachezaji walioko popote duniani, na huyo aliyeupanga alikuwa amekosea. Kwa ajili ya hali kama hiyo kuna namba nyingine, inayohusu wimbo mmoja tu. Yafaa kosa la mmoja lisitozwe kwa wote.

Mwishowe namba ilitulia, na bado vijiti vilisimama kushoto kidogo, kama milisekunde 12 kabla ya pigo. Nilidhani tumekosea tena. Kumbe watu wengi wakigonga kidole kufuata mapigo ya saa hutangulia kidogo bila kujua, aghalabu kwa makumi machache ya milisekunde. Huo si ugonjwa, ni desturi ya mwili. Hata mahali unapoketi pana hesabu yake: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ukikaa mita 3 kutoka kwenye spika ya mezani, itakufikia karibu milisekunde 9 baadaye.

Usiku ule nilikumbuka kisa nilichokisoma katika kitabu cha saikolojia nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya ualimu. Katika kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, mtazamaji alisikiliza mapigo ya saa huku akiitazama nyota ikipita kwenye uzi mwembamba ndani ya darubini, akakadiria sehemu ya kumi ya sekunde. Kazi ya jicho na sikio, sawasawa na ya mwanangu. Mkuu wa kituo, Nevil Maskelyne, aliona kwamba msaidizi wake, David Kinnebrook, huandika nyakati zinazochelewa kuliko zake kwa karibu sehemu nane za kumi za sekunde. Alimwonya, hali haikubadilika, na mwaka 1796 akamwachisha kazi. Miaka kama ishirini baadaye, Friedrich Bessel wa Königsberg alikisoma kisa hicho akakitafakari. Alijilinganisha na wataalamu wenzake, akaona kwamba hata mabingwa hutofautiana, na kwamba tofauti hiyo inaweza kupimwa na kuondolewa katika hesabu. Kinnebrook hakuupata msamaha huo. Alikuwa amekwisha kufa mwaka 1802. Maskelyne hakuwa mtu mbaya. Alijifanya yeye saa tu, na hakuuliza ni nani aliyempima yeye.

Nami niliwahi kuwa saa ya namna hiyo darasani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kike, Mganda kama mimi, aliyeandika insha zenye fikra nzuri. Daftari lake lilirudi kila mara limejaa wino mwekundu. Aliandika "balua" kwa barua, "halaka" kwa haraka, "meri" kwa meli, "firimbi" kwa filimbi. Mara moja nilimhesabia makosa kumi na manne katika ukurasa mmoja, na nikamwandikia chini: "Huna uangalifu." Alipofika kidato cha tatu, ambako alikuwa na hiari ya kuchagua, aliliacha somo letu.

Sasa nayatazama yale makosa kumi na manne, nami nayaona kama vijiti vya mwanangu. Katika Luganda, r huandikwa baada ya e na i. Mahali pengine huandikwa l. Binti yule hakukosa uangalifu. Alikuwa mwangalifu mno; aliitii kanuni ya lugha ya mama yake bila kuteleza hata mara moja. Hayakuwa makosa kumi na manne. Lilikuwa kosa moja, lililosogea upande mmoja, na dawa yake ilikuwa maelezo ya dakika kumi ubaoni. Mimi, niliyezaliwa katika lugha hiyohiyo, sikumpa dakika hizo.

Makosa, basi, ni ya aina mbili. Kuna yanayotawanyika, huku na kule, na hayo dawa yake ni mazoezi na subira. Na kuna yanayokaa pamoja, mbali na shabaha. Hayo hayaponywi kwa mazoezi wala kwa kukemewa, bali kwa kupimwa na kusogezwa. Anayeyachanganya humchosha mwanafunzi kwa kazi isiyo yake, na mwisho humfanya aamini kwamba hana sikio.

Nilimwomba mwanangu radhi mbele ya mama yake. Tulikubaliana kwamba mchezoni atumie spika zenye waya, kwa kuwa ukawiaji wa zile nyingine hubadilika kidogo kila zinapounganishwa upya. Zawadi yangu huitumia kusikilizia vipindi vya redio, nayo inamtosha. Juzi nilimwona akipiga wimbo mzito, vijiti vimesimama katikati kama walinzi wa kasri, na nikamwambia kwamba babu yake angeketi upande wa pili wa amadinda akampa nafasi.

Binti yule sijamwona tena. Kwa darasa lililo mbele yangu, nimelibadili swali langu la methali. Sasa nauliza: "Eleza maana ya 'Mchagua jembe si mkulima', kisha toa mfano wa siku ambayo jembe lenyewe lilikuwa limelegea mpinini." Nusu ya alama ni za sehemu ya pili.