Karata ya Kumi na Moja

Kwetu Nyamiaga, wilayani Ngara, msibani watu hawalali. Wanawake wako ndani, wanaume nje kwenye moto, na ikifika saa saba usiku sifa za marehemu zimekwisha, zinatolewa karata. Usishangae, msomaji. Hata kwenu zinatolewa.

Mwaka 2012 tulikuwa tunamlilia bibi. Vijana walicheza arubastini mpaka wakachoka, ndipo mtu akapaza sauti: "Mwiteni mchawi!" Mchawi mwenyewe ni mjomba wangu. Hakumaliza darasa la saba. Aprili 1994, Wanyarwanda kama 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja, yeye alikuwa kijana, akaenda kambini Benaco kubeba magunia. Wakimbizi waliporudishwa kwao Desemba 1996, naye akarudi nyumbani na pakiti ya karata, tena pungufu. Ndiyo mali uliyochuma? walimcheka. Shamba lilimshinda, biashara ikamshinda. Lakini akishika karata, wazee walikuwa wananyamaza.

Anahesabu 21, anazipanga mistari mitatu, saba saba. "Chagua moja moyoni. Iko mstari upi?" Unaonyesha. Anakusanya, anapanga upya, anauliza tena. Baada ya mara ya tatu anahesabu taratibu, ya kumi na moja anaigeuza. Ni yako, bwana!

Mimi nilikuwa kidato cha pili, hesabu napasua, kichwa kimevimba. Usiku wa kwanza niliangalia mikono yake. Wa pili nikaziangalia karata. Mchana wake nikachana daftari, vipande 21 vyenye namba, nikavipanga mkekani.

Hakuna uchawi. Mstari unaoutaja anauweka katikati ya ile miwili, kwa hiyo karata yako sasa ni kati ya ya 8 na ya 14. Akigawa upya, hizo saba zinaangukia nafasi ya tatu, ya nne au ya tano ya mstari. Akiuweka tena katikati, zinabaki tatu tu: ya 10, ya 11, ya 12. Akigawa mara ya mwisho, kila moja inakaa mstari wake, nafasi ya nne. Saba za juu na nne: kumi na moja.

Usiku wa tatu nikasimama, nikafanya mwenyewe. Ningeishia hapo. Lakini nikawaeleza wote, na vipande vyangu vya daftari, kama mwalimu. "Kumbe miaka yote tunazugwa!" mzee mmoja akasema, wakaangua kicheko. Mjomba naye alicheka, meno tu. Kisha akahesabu karata zote alizobaki nazo: 27.

"Nitajie namba, mjomba."

"Ishirini."

Tisa tisa, mara tatu. Karata yangu ikatoka ya ishirini. "Haya, eleza na hii," akanikabidhi pakiti, akaenda kulala. Sikuwa na la kueleza. Tangu hapo hakufanya tena mbele ya watu.

Ile pakiti nilihama nayo. Nililipata jibu miaka baadaye, Mwanza, chumba cha kupanga, umeme umekatika. Unataka ya ishirini? Juu yake zikae 19. Gawa 19 kwa tisa, kwa tatu, kwa moja: tisa mbili, tatu hakuna, moja moja. Sifuri ni mstari wako kuwekwa juu, moja ni kati, mbili ni chini, na unaanza na zile moja moja. Kumbe Mfaransa mmoja, Gergonne, alishaliandika hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mjomba hajawahi kumsikia.

Desemba 2023 nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikamweleza yote, tisa, tatu, moja. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda kwake. Nikatoa pakiti, nikapanga.

"Namba gani, mjomba?"

"Ile yako ya siku ile."

Sijakusanya hata mstari mmoja, akasema bila kuinua macho: "Kati, juu, chini."

"Na ya saba?"

"Juu, chini, juu." Akaendelea na maharage yake. "Zote 27 ninazo. Nilizitafuta moja moja kule Benaco, usiku, kwenye magunia. Ungeniuliza tu."